Kicha cha Tano cha Ulezi

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukasoma mpaka katikati ukadhani nakuja kujitetea. Utetezi nimeutafuta miaka mingi, nimeupekua kila kona, sijaupata.

Sikuua mtu. Sikuiba, labda ulezi wa mama yangu mzazi, na hilo tulishalimaliza wenyewe. Nilichofanya ni kitu kidogo sana, kiasi kwamba nikimsimulia mtu kijiweni atacheka aagize chai nyingine. Ndiyo maana simsimulii mtu kijiweni. Nakusimulia wewe usiyenijua.

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Nimekulia kwenye kibanda cha nafaka cha mama, hatua chache kutoka pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka. Kabla sijajua kusoma nilijua kumuuliza Mzambia "shinga?", yaani bei gani, na nilijua kwamba bei ya kwanza anayotaja mtu si bei, ni salamu. Akisema kumi, wewe sema nne, mtakutana kwenye saba. Akikubali nne papo hapo, ogopa, kuna kitu hujakiona.

Hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza. Ya pili ilikuwa kuhesabu. Mama alikuwa akisema hesabu ya kwanza ni ya macho, ya pili ndiyo ya akili. Mpaka leo nahesabu kila kitu mara mbili, hata ngazi za jengo nisilolirudia tena.

Nikaenda chuo kikuu, nikachukua kilimo. Wakati huo Msangano, huko kisa hiki kinakoelekea, bado inahesabiwa Wilaya ya Mbozi, na sisi sote bado tuko Mkoa wa Mbeya. Mwisho wa mwaka wa pili ikafika likizo ndefu, wakati wa kwenda fildi. Wenzangu wengi walipangiwa ofisi za halmashauri, wakakaa miezi miwili wakisoma magazeti ya juzi. Sisi wanane tulichaguliwa kufanya fildi ya utafiti kwenye maabara ya vinasaba.

Nilipompigia mama simu kumwambia nimechaguliwa kwenye vinasaba, aliuliza kama ni ugonjwa na kama unaambukiza.

Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti. Sote tulimwita Dokta. Utafiti wake ulikuwa wa ulezi. Alituambia kwamba jikoni kwa bibi fulani, kwenye kijiji fulani, kunaweza kuwa na ulezi ambao haupo pengine popote duniani. Ndani yake kuna uvumilivu wa jua au wa magonjwa, na uvumilivu huo umeandikwa kwenye vinasaba vyake. Kazi yetu ilikuwa kila mmoja kurudi kwao, kukusanya mbegu kwenye kaya arobaini, kuzileta, kuziotesha kwenye makopo, kisha kuzisoma maabara.

Alitupa masharti mawili. La kwanza, tusinunue. Alisema mkinunua mtauziwa chakula, mbegu inaombwa. La pili, masuke kumi kwa kila kaya yanatosha, mwenye mbegu abaki na mbegu. Na kila aliyetoa tumwahidi kwamba mbegu yake itazalishwa chuoni na kurudishwa kabla mvua hazijaanza.

Niliyaandika kwa kalamu nyekundu. Daftari ninalo hadi leo.

Mwishoni akasema mmoja kati yetu wanane atabaki naye, atamaliza mwaka wa tatu chini yake, na akifanya vizuri atatafutiwa nafasi ya kusoma zaidi. Mmoja kati ya wanane. Niliwatazama wenzangu, nikawahesabu, nikawahesabu tena. Nikajiona nimeshafika.

Nilikuwa na wiki tatu na mifuko arobaini ya kitambaa, kila mmoja na namba yake na fomu yake.

Nilianzia Mpemba kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Kule mahindi yamekula kila kitu, nikapata mifuko tisa kwa shida. Nikapanda kwenda pande za Chitete, kwa barabara inayokufundisha kusali, nikapata minane. Jumla kumi na saba. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha.

Wiki ya tatu nikashuka Msangano na baiskeli ya kuazima. Hapo ndipo nilipofika kwa mama mzee nitakayemwita Bibi Namukonda. Si jina lake.

Alikuwa akiishi na mkamwana wake, nimwite Eliza, mwanamke wa makamo, wa maneno machache, aliyesoma kidogo. Bibi alikuwa na Kiswahili chake chenye Kinyamwanga ndani. Palipomshinda, Eliza alimalizia.

Nilitoa zawadi niliyobeba, sukari na sabuni, nikaanza kama nilivyozoea. Nikasema Bibi, nipe ulezi kidogo nami nikupe hivi. Bibi akacheka, akaisukuma sukari pembeni kwa mguu, taratibu, kama mtu anayemsogeza kifaranga.

"Sukari nitakunywa," akasema. "Lakini mbegu haina mwenzake wa kubadilishana. Mama yako ni nani?"

Nikamtaja. Akataka na mama yake mama. Nikamtaja. Akataka kujua wanalima wapi, nikasema hawalimi, wanauza. Eliza akanieleza kwamba pale mbegu hapewi mtu, inapewa nyumba. Wewe ni miguu tu. Nyumba ikivuna, inarudisha na kuongeza kiganja kimoja.

Kisha Bibi akasema jambo nililoliandika kwenye fomu, sehemu ya maelezo mengine, bila kulitilia maanani. Alisema siku mbegu inaporudi, aliyeileta hapewi maji. Anapikiwa uji wa mbegu ile iliyobaki nyumbani, ili iliyosafiri na iliyobaki zikutane tumboni mwa aliyetembea. Ndipo watu wanajua kwamba imefika.

Nikaona ni desturi nzuri. Nikaweka nukta.

Akaniingiza jikoni. Juu ya mafiga, kwenye waya, vilining'inia vicha vya ulezi, vyeusi kwa moshi. Nikahesabu vitano. Nikaanza kuhesabu tena, Bibi akanishika mkono.

"Mbegu haihesabiwi ikiwa kwenye moshi, mjukuu. Inasikia aibu."

Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Vitano.

Suke la ulezi kwa kawaida hufunguka kama vidole vya mtu anayeomba. La Bibi lilikuwa limejikunja kama ngumi. Lina jina lake kwa Kinyamwanga, nililiandika kwenye fomu, na fomu utasikia ilikoishia. Mimi nauita ulezi wa ngumi. Alisema huo unawahi, mvua ikikatika mapema wenyewe umeshashiba. Aliupata kwa mama mkwe wake, naye kwa mama mkwe wake. Wanawe walikuwa wamehamia kwenye mpunga na ufuta, vitu vyenye wanunuzi. Msimu uliopita Bibi aliugua, hakupanda. Majirani waliokuwa nao walishaacha. Kwa hiyo ulezi wa ngumi uliobaki, alioujua yeye, ulikuwa ni ule pale kwenye waya.

Akaniuliza unataka kiasi gani. Kabla sijajibu akanyoosha mkono akashusha kicha kimoja.

Kicha kimoja kilikuwa na masuke zaidi ya ishirini. Kilitosha, na kingebaki. Nilijua kinatosha. Sharti la pili, kalamu nyekundu.

Nikasema, "Bibi, nipe vinne."

Usiniulize kwa nini. Sikuvihitaji. Ni mdomo tu. Mtu akisema kimoja, mimi nasema vinne, tukutane kwenye viwili. Nilisubiri alalamike, aseme mjukuu unataka kunimaliza, tucheke, anipe viwili, kila mmoja aondoke akijiona mshindi.

Bibi hakulalamika. Alinitazama, akatazama waya, akashusha cha pili, cha tatu, na cha nne. Akavifunga pamoja kwa kamba ya mgomba, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Hakujua kwamba tuko sokoni. Alidhani navihitaji.

Nilikuambia, mtu akikubali papo hapo, ogopa. Mimi nilifurahi. Nilitoka pale nikipiga mluzi, nimepata vinne kwa bei ya kuomba. Kwenye waya kikabaki kimoja.

Mfuko namba kumi na nane ukawa mnene kuliko yote.

Bado mifuko ishirini na miwili, na siku nne. Baiskeli ikapasuka tairi. Nikakaa chini ya kivuli cha duka, nikapiga hesabu, nikaipiga tena. Jibu lilikuwa lile lile. Kama nitapeleka kumi na nane, nafasi ya kubaki na Dokta ataichukua mwingine.

Nikarudi Tunduma. Kwenye kibanda cha mama kulikuwa na gunia la ulezi lililovuka kutoka Zambia wiki ile. Nikajaza mifuko ishirini na miwili kwenye gunia moja. Fomu nikazijaza usiku kucha kwa kalamu tatu tofauti, ili mwandiko uchoke kwa namna mbalimbali. Nikatunga majina ya wenye kaya. Nikatunga bibi zao. Wengine niliwapa watoto mapacha, nikawaonea huruma.

Mama alipoamka akanikuta naziba mfuko wa mwisho.

"Chuo kizima mmekosa ulezi mpaka mje muibe wa mama yenu?"

Nikamwambia ni wa majaribio. Akasema basi muujaribu vizuri, una mchanga.

Chuoni Dokta alipokea mifuko yangu arobaini. Mimi peke yangu ndiye niliyetimiza, wenzangu walileta ishirini na tatu, thelathini. Nikaona macho yake yamekaa kwangu. Alipofika namba kumi na nane aliupima mkononi, akauliza mbona huu ni mwingi hivi. Nikasema Bibi ni mkarimu. Akauliza kama amebakiza. Nikasema amebakiza.

Haukuwa uongo. Kicha kimoja ni kubakiza.

Tukaotesha. Makopo ya plastiki arobaini kwenye banda la miche, yangu kwenye meza yangu. Miche ilipotoa majani tukakata vipande, tukavisaga, tukavitoa vinasaba. Kazi yenyewe niliipenda, sitasema uongo juu ya hilo. Matone madogo, saa, namba, kila kitu kinarudiwa mara mbili. Nilijiona nimezaliwa kwa kazi ile. Mwisho wake inatoka picha yenye mistari myeupe, kila mbegu na safu yake, kama ngazi zimesimamishwa pamoja. Mbegu zikiwa ndugu, mistari inafanana. Zikiwa hazijuani, inatofautiana.

Jumatatu moja Dokta akaniita banda la miche, peke yetu. Alikuwa na picha yangu mkononi na boksi lenye mifuko yangu yote chini ya meza.

Akasema hawa ishirini na wawili ni mapacha. Akauliza inakuwaje kaya ishirini na mbili za vijiji mbalimbali, majina mbalimbali, ulezi mmoja. Nikasema kule watu wanapeana mbegu sana, Dokta. Akaitikia kwa kichwa. Akasema wanapeana, ndiyo, lakini hata mchanga uliokuwemo ni mmoja.

Mama alikuwa ameniambia kuhusu mchanga.

"Nisikilize," Dokta akasema, bila kupandisha sauti. "Sitaki kujua ulifanya nini. Nataka kujua ipi ni ipi. Mkulima siwezi kumrudishia mbegu nisiyojua imetoka wapi. Kama humu kuna hata moja unayomjua mwenyewe wake kwa sura, itoe, iweke pembeni. Hiyo nitaizalisha. Nyingine tutazisahau."

Kopo namba kumi na nane lilikuwa mbele yangu. Miche tisa. Mashina yake yalikuwa mekundu kidogo chini, tofauti na mengine.

Ningenyoosha kidole tu. Nilikuwa na za kweli kumi na nane, lakini hata hiyo moja ingetosha.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, hii ndiyo bei yake ya kwanza. Nikitoa moja, nimekiri zile nyingine. Akishajua nimekiri, atapanda. Atanipeleka kwenye kamati, nitafukuzwa. Nikikaa kimya, atashuka mwenyewe, atasema basi tuziache zote, turudie kupima. Mwenye kunyamaza ndiye anayenunua kwa bei nzuri. Nimeliona hilo Tunduma mara mia.

Nikasema, "Zote nilizitoa kwa mkono wangu, Dokta. Zote ni sawa."

Akasubiri. Nikasubiri.

Akauliza mara ya pili, akitazama kopo la kumi na nane. Nadhani aliukumbuka ule mfuko mnene. Nikarudia jibu lile lile.

"Haya," akasema. "Kama zote ni sawa, toa zote."

Naye hakuwa sokoni. Watu wawili nimekutana nao maishani wasiofanya biashara nami, na wote wawili nilifanya nao biashara.

Nilimwaga makopo yangu mwenyewe kwenye shimo la takataka, yeye amesimama mlangoni. Arobaini. Boksi la mifuko na fomu zake likaenda kwenye tanuri la kuchomea. Nililibeba mimi. Kila hatua kutoka banda hadi tanuri nilikuwa na nafasi ya kusema neno, na ni hatua sitini na mbili, nimezihesabu kwenda na kurudi. Sikusema. Nilikuwa bado nasubiri ashuke.

Hakunishtaki popote. Cheti nilipewa, kimeandikwa ameshiriki. Nafasi akapewa msichana aliyeleta mifuko ishirini na tatu na kuandika kwa mkono wake kwamba amekosa kumi na saba.

Hapo ungeweza kuwa mwisho, na ningekuwa mjinga wa kawaida. Haukuwa mwisho.

Kabla muhula haujaanza nilikuwa nyumbani wiki mbili. Eliza akapiga simu kwenye duka la jirani yetu, namba niliyomwachia mwenyewe. Mawingu yameanza kukusanyika, Bibi anauliza mbegu yake inarudi lini, shamba la bondeni limeshasafishwa.

Ningemwambia kwenye simu. Sauti tu, hata uso hauonekani. Nikasema nakuja Alhamisi.

Nikaenda kwenye gunia. Lile lile la Zambia, lilikuwa halijaisha. Nikapepeta, nikachagua punje safi, nikatoa mchanga wote safari hii, nikajaza mfuko mweupe, nikaandika 18 kwa wino mzito. Nikaongeza kiganja kimoja, kama desturi yao inavyotaka. Hata kwenye uongo nilitimiza kipimo.

Bibi alinipokea kama nimetoka Makka. Akamimina punje kiganjani, akazipeleka karibu na macho.

"Zimenenepa," akasema. "Chuoni wanakula vizuri."

Eliza hakucheka. Akasema zimekuwa nyeupe. Nikajibu kwamba hazikukaa kwenye moshi. Jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Niliomba maji. Njia ilikuwa na vumbi na koo limekauka. Bibi akakataa. Akaniambia umesahau, aliyerudisha mbegu hapewi maji. Akainuka, akaingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya mafiga akashusha kicha cha tano.

Nilikuwa nimesahau kweli. Niliandika kwenye fomu nikaweka nukta.

Eliza alimfuata hadi mlangoni. Nilimsikia vizuri, wala hakunong'ona.

"Mama, hiki si tukiache kwanza mpaka hii iote? Tumpikie kingine."

Bibi akageuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Nimwonyeshe mgeni kwamba simwamini?"

Eliza akanitazama mimi. Aliniachia nafasi. Ningesema tu, Bibi, sikiliza mkamwana wako, hata mimi naona ni busara. Nisingekiri chochote. Nisingepoteza hata cheti. Maneno ya adabu, ya mgeni mwenye haya, basi. Kicha kingebaki kwenye waya.

Sijui kwa nini sikuyasema. Hapo sikuwa nafanya biashara tena. Sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa kama mtu anayetazama lori likirudi nyuma kuelekea kibanda chake na hapigi kelele.

Bibi akapukuchua kile kicha kwenye ungo. Akapepeta. Akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia akasaga, mbele na nyuma, akiimba kitu cha chini chini. Punje zilizoshuka kwa mama wakwe, mmoja baada ya mwingine, zikawa unga rangi ya udongo. Ilichukua muda mrefu. Kama unataka kujua muda ambao mtu anaweza kukaa bila kusema neno moja, ni huo.

Akaweka maji, akakoroga. Akatia sukari ile ile niliyompelekea mwezi wa saba.

Nikaletewa kikombe cha bati kwa mikono miwili. Nikanywa. Bibi akasema mtu hatembei kwa mguu mmoja, akanijazia tena. Nikanywa. Sufuria likaisha.

"Imefika," akasema.

Msimu ule Bibi alipanda shamba lote la bondeni kwa ulezi wangu. Ulistawi, niliambiwa, majani mapana, watu walikuja kuutazama. Mwezi wa tatu mvua ikakatika kama inavyokatika kule mara kwa mara. Ulezi wa Zambia ulikuwa bado unavuta shingo. Masuke yalitoka yamefunguka kama vidole, makavu, hayana kitu.

Mwezi wa saba, mwaka wa tatu umekwisha, nilikuwa nimekaa kibandani badala ya mama. Eliza akaingia. Walikuwa wanatafuta ulezi wa chakula, kwa mara ya kwanza tangu aolewe nyumba ile. Akafungua gunia lililokuwa mbele, akachota, akazisugua punje kiganjani, akazitazama muda mrefu.

"Huu ndio ule," akasema.

Nikasema, "Unafanana."

"Unafanana," akasema.

Alizirudisha punje kwenye gunia, zote, hata zilizoshikamana na jasho la kiganja. Kisha akaniambia kwamba Bibi ananisalimia. Anasema nisijilaumu. Anasema mbegu ilikwenda shule ikasahau kwao.

Nikajua kwamba Eliza amejua, na kwamba hatamwambia. Akanunua mahindi badala yake, akaondoka. Hajawahi kurudi kwenye kibanda chetu, anapita mbele yake kwenda cha jirani.

Shahada niliimaliza, iko kwenye begi chini ya kitanda. Kuomba kazi ya utafiti sikuomba tena, kibanda cha mama sasa ni changu. Nauza ulezi. Kila gunia linaloingia, napitisha mkono mpaka kwenye kwapa nikitafuta punje ndogo nyeusi zenye harufu ya moshi. Ni upuuzi. Punje ikishapukuchuliwa huwezi kujua suke lake lilikuwa ngumi au vidole. Kuna mahali pamoja tu wangeweza kuniambia, maabara, na huko najulikana.

Nimekwenda vijiji vingi pande zile nikiuliza. Wazee wanaukumbuka. Wanakunja ngumi kunionyesha, wanasema ulikuwepo.

Utauliza kama nililia. Hapana. Ningelia ningekuwa nimemaliza. Ni kama jino lililotolewa kwa sindano, ulimi unakwenda pale pale kila saa, hapaumi, hapana kitu.

Wewe mwanafunzi unayekwenda fildi likizo hii, na mifuko yako yenye namba, nisikilize. Peleka pungufu. Ukiwa na kumi na nane, andika kumi na nane, na yule msimamizi wako akikuambia ukweli mmoja unatosha, usidhani anataja bei. Nawe ndugu yangu wa sokoni, mwenye mdomo kama wangu, jifunze kumtambua mtu asiyeuza. Ukimwomba vinne atakupa vinne, na hutaweza kuvirudisha.

Bibi yuko hai. Macho yameisha, lakini bado ananiita mjukuu, na kila mtu anayekuja Tunduma anamtuma kuniuliza kama chuo kimepata mbegu nyingine. Nimeliandika hili hapa, mbele ya watu wengi namna hii, kwa sababu najua Bibi hajui kusoma. Huo nao ni ujanja. Nimeuhesabu pamoja na mingine.

Na kama kuna anayetaka kujua uji ule ulikuwaje, nitasema kweli walau hapo. Ulikuwa mtamu. Nilikunywa vikombe viwili.